Nani Atamlilia Furu?

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, nimeishia kidato cha nne, kazi ya kudumu sina, riwaya yangu ya kwanza bado imo ndani ya madaftari manne, na kila asubuhi kabla sijaenda kutafuta kibarua ninakaa karibu nusu saa nikitazama mijusi. Watu wa Kiseke wamekwisha kunizoea. Pale kijiweni kwetu, zinapoegeshwa bodaboda, wananiita Profesa wa Mijusi. Siku moja mshikaji mmoja akaniuliza kwa sauti ya juu, makusudi kijiwe kizima kisikie:

"Profesa, hivi hao mijusi wako wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Wanauzwa?"

"Hawauzwi."

"Sasa?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ukinuna kijiweni ndiyo umekwisha, utataniwa mwaka mzima. Lakini lile "sasa?" lilinifuata hadi kitandani. Nililigeuza huku na huku nikaona kwamba mwenzangu, pamoja na utani wake, alikuwa ameniuliza swali zito kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Kiumbe asiyeliwa, asiyeuzwa, asiyebeba mzigo wala kulinda nyumba, ana haki gani ya kuchukua nusu saa ya mtu anayehangaikia mlo wa mchana? Kumpenda mnyama, ndege au samaki kwa sababu tu yupo, je, ni wema au ni anasa ya walioshiba? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili leo, na nitalijadili kwa mambo ya hapa kwetu, maana ya mbali yana wasemaji wengi.

Kwa asiyeifahamu Kiseke: iko Ilemela, jijini Mwanza, na Mwanza ni jiji la mawe. Nyumba zetu zimejibanza katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe. Asubuhi jua likianza kuyapasha moto majabali hayo, hutoka mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na mwili uliobaki ni wa buluu. Anapanda juu kabisa, anajiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele kama askari aliyepewa adhabu, kisha anatulia akilinda himaya yake. Majike wana rangi ya kahawia ya mawe. Usipokuwa makini utawakanyaga. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Alipewa jina hilo mwaka 1923 na Arthur Loveridge, mtaalamu wa viumbe watambaao aliyefanya kazi katika Tanganyika ya enzi zile. Yaani jina la mji wetu limo ndani ya jina la mjusi tunayemrushia mawe.

Nilipolijua hilo niliona haya kidogo. Utotoni nimewaua wengi kwa manati. Ukiniuliza kwa nini, jibu sina. Walikuwepo, na manati nilikuwa nayo.

Hata hivyo mjusi wa Mwanza bado yupo, tena wengi, kwa hiyo kwake lile "sasa?" halina uchungu sana. Tukitaka kuliona swali hili likiwa na meno yake yote, inabidi tushuke kutoka mawe ya Kiseke hadi ziwani, tumtazame kiumbe mwingine aliyedharauliwa namna hiyohiyo. Huyo ni furu.

Nani asiyemjua furu? Mwingine atasema ni samaki mdogo mwenye miba mingi, chambo cha kumvulia sangara, basi. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoazimwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kilichoandikwa na Mholanzi aitwaye Tijs Goldschmidt. Mtu huyu alifika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwachunguza furu wa ghuba yetu, akiwa katika kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden ambalo lilikuwa limeanza kazi hapa mwaka 1977. Kitabu chake kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, nilikisoma na kamusi pembeni kwa miezi mitatu, na nilipokimaliza nilikuwa mtu mwingine.

Kumbe "furu" si samaki mmoja. Wataalamu wanakadiria kwamba katika ziwa hili walikuwamo furu wa aina zaidi ya 500, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wako waliokula konokono, wako waliokwangua ukoga kwenye mawe, wako waliokula wadudu, wako waliokula samaki wenzao. Wako waliong'oa magamba ya samaki wengine wakayafanya chakula. Na wako wezi waliomvizia mama aliyebeba wanawe kinywani ili wawanyonye watoto hao watoke, wawale. Nimesema kinywani, na ndivyo ilivyo: furu jike huatamia mayai mdomoni mwake, na vifaranga wakitoka kuogelea, hatari ikija hukimbilia mdomoni mwa mama. Muda wote wa kuatamia mama hali, au hula kidogo mno.

Na la kushangaza zaidi ni muda. Wanasayansi wanasema ziwa hili lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Kwa umri wa dunia hiyo ni kama juzi jioni. Maji yaliporudi, mababu wachache wa furu wakaleta ukoo wa mamia ya aina. Watu wanaochunguza jinsi viumbe wanavyobadilika na kuzaa aina mpya wanaliangalia ziwa letu kama mwanafunzi anavyoangalia ubao, nasi tunakaa ukingoni mwake tukilitazama kama karo.

Sasa nisimulie yaliyowapata. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sangara, samaki mla samaki anayeweza kufikia kilo 200, aliingizwa ziwani kutoka maji mengine. Hoja ya waliomtaka ilikuwa ya mahesabu: furu ni wengi lakini ni wadogo na wana miba, basi tulete samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye. Waliopinga walikuwapo. Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa hili kwa serikali ya kikoloni, alikwisha kuonya katika ripoti yake ya mwaka 1929 kwamba kuleta mla samaki mkubwa kutoka kwingine bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, naye aliandika kupinga. Hawakusikilizwa.

Kwa miaka mingi sangara hakuonekana kuleta balaa. Hata katika miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, wengi kiasi kwamba hapa Mwanza kilianzishwa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa kulishia mifugo, nao wakavuliwa kwa nyavu za kukokotwa na meli. Kisha katikati ya miaka ya 1980 sangara wakafumuka katika Ghuba ya Mwanza. Wale watafiti wa Leiden, waliokuja kuwahesabu furu walio hai, wakajikuta wanahesabu mazishi. Mahali walipokuwa wakipata furu tele wakaanza kuvuta wavu usio na furu hata mmoja. Huenda aina 200 zilitoweka, nyingine kabla hazijapata hata jina.

Niliposoma habari hiyo nilishikwa na hasira ya ujana. Nikawa ninahubiri. Jioni moja tulikuwa tunakula kwa baba mdogo, yeye, mkewe na mimi, ugali na sangara wa kuunga. Baba mdogo amevua ziwa hili kuanzia Igombe hadi visiwani zaidi ya miaka thelathini, sasa mgongo umemkatalia. Mimi, huku tonge liko mkononi, nikasema kwa sauti ya kisomi:

"Baba mdogo, huyu sangara ni laana ya ziwa letu."

Mzee hakujibu haraka. Alimeza, akanywa maji, akaniangalia.

"Mwanangu, ada yako ya kidato cha kwanza, kabla serikali haijaifuta, nani alilipa?"

"Ni wewe, baba."

"Nililipa kwa nini? Kwa furu?"

Nikanyamaza.

"Hiyo laana yako ndiyo iliyokufundisha hicho Kiingereza unachosomea kitabu."

Ndugu msomaji, sijawahi kuaibika kama siku ile. Ugali ulinikwama. Niliona kwamba nimejifunza kumlilia samaki kwa kutumia elimu niliyonunuliwa kwa samaki aliyemmaliza. Na hapo ndipo lile "sasa?" la kijiweni liliponirudia likiwa na meno. Nina haki gani?

Nimelitafakari jambo hili tangu siku hiyo, na ninaona kuna majibu mawili mepesi ambayo tunapaswa kuyakataa yote.

Jibu jepesi la kwanza ni la wale wanaosema mnyama kwanza. Upendo wao wa viumbe ni wa kweli, sibishi. Lakini una kilema kimoja: unawaona pundamilia na hauwaoni watu. Chukua mfano wa Serengeti. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek aliitangazia dunia Serengeti kwa kitabu na filamu, na mwaka huohuo mwanawe Michael alikufa humo katika ajali ya ndege wakiwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama. Ni baba aliyelipa gharama kubwa, siwezi kumdhihaki. Lakini Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu, hata mwenyeji; na mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walioishi na ng'ombe wao katika Serengeti walitakiwa kuihama kabisa, wakaenda Ngorongoro. Mbuga tunayojivunia leo ina historia hiyo ndani yake. Anayependa wanyama bila kuuliza nani ameondolewa ili wanyama wapendeze, amependa picha.

Jibu jepesi la pili ni la kijiweni kwetu: tumbo kwanza. Hili lina nguvu zaidi, maana limesemwa na wenye njaa. Ila tulichunguze. Je, ni wenye njaa waliomleta sangara? La hasha. Mvuvi wa Igombe au wa Ukerewe hakuitwa kwenye kikao chochote. Walioamua ni maofisa, wakiwa wameshiba vizuri tu, na neno "njaa" walilitumia kwa niaba yetu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Ukisikia mtu anasema "maskini hana muda wa ndege na samaki", mtazame vizuri msemaji. Aghalabu si maskini.

Tena tuulize huyo furu aliyetoweka alikuwa chakula cha nani. Usiku ule wa aibu, baada ya kuniacha niive kidogo, baba mdogo mwenyewe alianza kusimulia. Akasema utotoni kwao mtoto wa miaka saba mwenye uzi, ndoano na nyungunyungu alirudi nyumbani na mboga. Hakuhitaji mtumbwi, wala injini, wala barafu, wala tajiri wa kumkopesha nyavu. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa akiwaanika furu juu ya mawe, jua likawakausha bure. Sangara ana mafuta mengi, huwezi kumwanika hivyo. Ni lazima umbanike kwa moshi au umkaange, na moshi unataka kuni, na kuni zinataka miti. Halafu viwanda vya minofu vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wa Mwanza wengi wakabaki kugombea mapanki, yaani mifupa na vichwa.

"Furu hakumtajirisha mtu," alisema baba mdogo, "lakini hakumbagua mtu pia."

Kisha akaanza kuniorodheshea. Mbipi wa kwenye mawe. Yule mwekundu mgongoni. Yule mwenye mdomo mnene aliyepatikana penye konokono. Wale waliopenda mchanga, wale waliopenda matete. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akaanza upya. Mimi niliyesoma kwa kamusi miezi mitatu nikagundua kwamba mbele yangu ameketi mtu aliyewajua furu bila kusoma ukurasa hata mmoja, na hakuna aliyewahi kumwuliza, mimi wa kwanza.

"Kwa hiyo uliona wanakwisha?" nilimwuliza.

"Mvuvi gani asiyeona? Tuliona. Tukala sangara. Ungetaka tufanyeje?"

Hapo ndipo nilipopata kile ninachoamini kuwa jibu, ingawa si jibu la kumfurahisha kila mtu. Baba mdogo alikula sangara, akasomesha kwa sangara, na hakuwa na kosa katika hilo. Lakini alijua amelipa nini. Majina ya walioondoka alikuwa nayo vidoleni. Wapo wengine, na mimi nilikuwa mmoja wao, waliokula sangara yuleyule bila kujua kwamba kuna chochote kilicholipwa. Sote tulishiba sawasawa. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua bei na mimi sikuijua. Na mtu asiyejua bei atauziwa chochote, wakati wowote, na yeyote. Kesho akija ofisa mwingine na hesabu nyingine, eti tufukie kile, tulete hiki, tung'oe kile, atamkubalia akishangilia, kwa sababu hajui kilichopo.

Kwa hiyo simjibu mwenzangu wa kijiweni kwamba mjusi ana faida iliyofichika, kwamba labda anakula mbu au siku moja atatoa dawa. Hoja hizo zipo, na baadhi ni za kweli, lakini ukimtetea kiumbe kwa faida tu, siku faida ikiisha na utetezi umeisha. Ninamjibu hivi: kumtazama kiumbe kwa makini, mpaka umjue kwa jina na tabia, ni kukataa kuwa kipofu katika soko ambalo kila siku linatuuzia vitu kwa kutumia mali yetu wenyewe. Haimnyimi mtu mlo. Baba mdogo alitazama na akala pia.

Wenzangu waandishi, hapa naomba tuvutane masikio kidogo. Baada ya maongezi yale baba mdogo alinitaka nimsomee hiyo riwaya ninayojisifia. Nikafungua daftari la kwanza, nikasoma kwa madaha: alfajiri ndege waliimba mitini, wavuvi wakarudi na samaki wengi. Mzee akanikatisha.

"Ndege gani?"

"Ndege tu, baba."

"Na samaki gani?"

Sikuwa na la kusema. Sura nzima niliyoiona kuwa fasihi ilikuwa imeandikwa na mtu asiyejua ni ndege gani anaimba Mwanza alfajiri. Hebu chukua hadithi zetu, hata hizi tunazochapisha humu, uhesabu mara ngapi "ndege waliimba" na "miti ilipepea". Tunajua aina zote za simu na jezi za timu zote za Uingereza, lakini mti ulio mbele ya nyumba tuliyozaliwa tunauita mti. Nikarudi kuchunguza. Nilikwenda ziwani nikamtazama mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji akipigapiga mbawa, kisha anajitupa kichwa mbele. Nikasoma kwamba watafiti hapa Mwanza waligundua kuwa furu walipotoweka, mdiria aligeukia dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo kuliko furu, ikambidi avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibishe makinda yaleyale. Mungu wangu! Baba anayefanya kazi mara mbili kwa mlo uleule. Nani kati yetu hamjui baba huyo? Riwaya ninayohangaika kuiandika ilikuwa inaruka mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nimeandika "ndege waliimba".

Kuna jambo jingine nililojifunza, nalo lilinigusa zaidi ya yote. Mwaka 1985 watafiti wawili wa kundi lile la Leiden, Els Witte-Maas na Frans Witte, walimwandika furu mpya wa Ghuba ya Mwanza na kumpa jina la heshima la Mwalimu: Haplochromis nyererei. Siku hizi anahesabiwa katika kundi lililopewa jina la Kiswahili kabisa, Pundamilia, kwa ajili ya mistari yake. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Anaye ndugu anayefanana naye kwa umbo, ila huyo dume wake ni wa kijivu kinachoelekea buluu. Majike wa ndugu hawa wawili hutambua waume wao kwa rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba mahali maji yalipochafuka kwa udongo na mwani unaostawishwa na uchafu wetu wa nchi kavu, mwanga hupotea, rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kuchagua, na ndugu wawili huchanganyika mpaka aina mbili zinakaribia kuwa moja. Hakuna aliyewala. Hakuna aliyewavua. Walipotea kwa sababu hawakuonana.

Sitaki kulifanya jambo la samaki kuwa methali ya lazima. Lakini sijasoma habari iliyonieleza vizuri hivyo madhara ya kutoonana. Na niseme ukweli wote: si kilio kitupu. Wavuvi walipowavua mno sangara, tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kurudi, na yule wa Mwalimu bado yupo kwenye visiwa vya mawe ambako maji ni maangavu. Waliorudi tumewajua kwamba wamerudi kwa sababu kuna waliokuwa wamewahesabu.

Sasa nimalizie kwa jambo la nyumbani, maana ni rahisi kuhubiri ukiwa umekaa kwenye ziwa la vitabu. Mwaka jana baba aliamua kujenga chumba cha kupangisha nyuma ya nyumba. Mahali penyewe pana majabali mawili, na juu ya lile kubwa ndipo anapoota jua yule mjusi wangu mwekundu. Nilimwomba baba tulibakize. Akaniuliza chumba kimoja ni kodi ya shilingi ngapi kwa mwezi, nami nikanyamaza, maana naijua shida ya kwetu. Mama anapasua kokoto. Dawa za shinikizo la damu za baba hazinunuliwi kwa mijusi.

Basi tukalipasua. Fundi aliwasha moto juu ya jabali siku mbili, likapata nyufa, tukamalizia kwa nyundo, na nyundo moja niliishika mimi. Kabla ya moto nilikwenda na daftari nikaandika: dume mmoja, majike wanne, mtoto mmoja, pimbi wawili kwenye ufa wa chini. Nikaandika tarehe. Baba aliniona akatikisa kichwa, lakini hakunikataza. Jabali la pili lilibaki, nisijisifu kwamba ni kwa ajili ya hoja zangu. Fundi alitaka pesa nyingi mno. Majike wawili wamehamia pale. Dume sijamwona tena. Chumba kimekwisha na kina mpangaji.

Wiki iliyopita nilipita kijiweni nikielekea kwenye kibarua. Yule mshikaji wa "sasa?" akaniita. Nikajiandaa kutaniwa.

"Profesa," akasema, "yule mjusi wako mwekundu siku hizi yuko wapi? Nilikuwa nikipita pale namwona kila asubuhi."